Njombe hadi ng'ambo ya Atlantiki: Nauli nafuu au kadi ya dhahabu?

MSAFIRI anayetoka Njombe au Makambako kwenda ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, iwe Marekani au Kanada, hukabiliwa na maswali mengi kabla hajafika kwenye kaunta ya shirika la ndege. Moja kati ya maswali hayo limekuwa likiwagharimu watu fedha nyingi bila wao kujua: je, anunue tiketi ya bei ya chini kuliko zote sokoni, au alipe zaidi ili aendelee kusafiri na shirika lile lile ambalo amekwisha kuanza kujikusanyia maili na daraja katika kadi yake ya uanachama?

Zamani swali hilo lilikuwa la mabalozi, maofisa wa mashirika ya kimataifa na wamisionari. Leo limeingia katika nyumba za kawaida. Wapo wazazi wenye watoto walioajiriwa au kuolewa huko, wapo wanafunzi, wapo wafanyabiashara, na wapo wajumbe wa makanisa yenye udugu wa miaka mingi na makanisa ya Marekani. Katika mkoa jirani wa Iringa, kwa mfano, uhusiano wa Dayosisi ya Iringa ya KKKT na Sinodi ya Saint Paul ya jimbo la Minnesota, unaofahamika kwa jina la Bega kwa Bega, umekuwa ukiwapandisha watu ndege za kuvuka Atlantiki kutoka pande zote mbili kwa miaka mingi.

Kwa mtu anayevuka bahari hiyo mara moja kwa mwaka, au mara moja kwa miaka miwili, hesabu inaonyesha wazi kuwa kadi hailipi. Atakuwa ananunua kwa fedha taslimu heshima ambayo hataifikia, na akiifikia itamponyoka kabla hajaitumia. Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo inaonyesha jambo la pili ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba bei iliyoandikwa kwenye tiketi siyo bei ya safari. Safari ya mtu wa Makambako haianzii Dar es Salaam. Inaanzia stendi ya Makambako, na nauli nafuu inayosahau hilo inaweza kumtoka mtu puani.

Mpango wa maili ulikotoka

Mwaka 1978 Serikali ya Marekani iliondoa udhibiti wake juu ya nauli na njia za ndege za ndani. Mashirika, ambayo hadi wakati huo yalikuwa yakipangiwa bei, yakajikuta yanagombania abiria kwa kushusha nauli, na abiria naye akawa hana sababu ya kurudi kwa shirika lile lile. Mei 1, 1981, shirika la American Airlines likazindua mpango wake wa AAdvantage: kila maili ambayo abiria anaruka inaandikwa kwenye akaunti yake, na zikifika idadi fulani anapewa tiketi ya bure. Siku chache baadaye United ikafuata, na baada ya muda mfupi karibu kila shirika kubwa likawa na mpango wa namna hiyo.

Hapo ni muhimu kutofautisha vitu viwili ambavyo mawakala wengi wa tiketi huvichanganya wanapozungumza na wateja. Maili ni akiba: unaikusanya na kuitumia. Daraja ni cheo: fedha, dhahabu, platinamu, au jina lolote ambalo shirika limeamua kukipa. Cheo hakitumiki kununulia kitu; kinampa mwenyewe foleni fupi kwenye kaunta, begi la ziada, kupanda ndege mapema na, kuanzia ngazi ya dhahabu, ruhusa ya kukaa katika ukumbi wa mapumziko wenye chakula na bafu. Na tofauti na cheo cha kazini, hiki hupimwa upya kila mwaka. Asiyesafiri vya kutosha hushushwa.

Hatua iliyoufanya mchezo huu uwafikie Waafrika Mashariki ni miungano ya mashirika. Star Alliance iliundwa Mei 1997, Oneworld ikaanza Februari 1999, na SkyTeam Juni 2000. Kenya Airways ilipata uanachama kamili wa SkyTeam mwaka 2010, ambako KLM nayo ni mwanachama. Ethiopian Airlines ilijiunga na Star Alliance Desemba 2011, ikiikuta Turkish Airlines iliyoingia mwaka 2008. Qatar Airways ikaingia Oneworld Oktoba 2013. Emirates haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Hao ndio wanaowachukua Watanzania wengi wanaokwenda Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa hakuna ndege inayoondoka Dar es Salaam na kutua Marekani moja kwa moja. Iliyo karibu zaidi ni ile ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York, iliyoanza Oktoba 28, 2018.

Air Tanzania na Precision Air hazimo katika miungano hiyo. Maana yake ni kwamba msafiri wa Njombe anayekwenda kupandia ndege Songwe, Mbeya, hapati katika kipande hicho cha kwanza alama yoyote ya kumsogeza katika ngazi za Star Alliance, SkyTeam au Oneworld.

Hesabu ya mtu anayekwenda Minnesota

Tuchukue mfano wa msafiri anayepitia Amsterdam kwenda Minneapolis, kwa KLM na mshirika wake Delta, na ambaye ni mwanachama wa Flying Blue, mpango wa pamoja wa Air France na KLM. Tangu Aprili 2018 mpango huo hupima daraja kwa alama ambazo hutegemea umbali wa kila kipande na daraja la kiti. Kipande cha Dar es Salaam hadi Amsterdam, katika daraja la kawaida, huleta alama 10. Amsterdam hadi Minneapolis ni alama 10 nyingine. Kwenda na kurudi ni alama 40.

Ngazi ya fedha inadai alama 100 ndani ya miezi 12. Safari mbili hazitoshi, kwa kuwa zinaleta 80. Lazima aende mara tatu ndani ya mwaka mmoja, akusanye 120, avuke, na zile 20 zilizobaki zihamie mwaka unaofuata. Ngazi ya dhahabu, yenye ukumbi wa mapumziko, inadai alama 180 nyingine. Akiwa na zile 20, atahitaji safari nne zaidi. Kwa maneno mengine, mtu wa Njombe anayesafiri katika kiti cha kawaida anahitaji kuvuka Atlantiki na kurudi mara saba, zote ndani ya vipindi viwili vya miezi 12, ndipo afungue mlango wa ukumbi wa mapumziko wa Schiphol. Ni mkulima gani wa viazi au parachichi, ni mwalimu gani, ni mchungaji gani wa usharika mwenye ratiba ya namna hiyo?

Upande wa maili nao hauna neema. Katika mpango huo mwanachama wa ngazi ya mwanzo hupata maili 4 kwa kila euro anayolipa, ukiacha kodi. Tuseme sehemu ya nauli inayohesabiwa ni euro 900: atapata maili 3,600. Tiketi ya maili kati ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, upande mmoja tu, huanzia maili 25,000 tangu mpango ulipopandisha viwango vyake Januari 2025. Safari saba zitampa maili 25,200. Na hapo bado atatakiwa kulipa kodi na tozo kwa fedha taslimu, na bado hajatoka Ulaya kufika Dar es Salaam, acha kufika Njombe. Isitoshe, maili za mwanachama wa ngazi ya mwanzo hufutika iwapo miezi 24 itapita bila yeye kuruka. Mtu anayekwenda kumwona mwanawe kila baada ya miaka mitatu atakuwa akianza upya kila mara.

Sasa ilinganishwe na bei. Tuseme, kwa mfano tu, wakala mmoja anauza tiketi kwa Sh3,400,000 na tiketi ya shirika ambalo msafiri ana kadi yake ni Sh4,000,000. (Kanuni za Machi 2025 zinataka bei ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, hivyo mteja ana haki ya kudai hesabu yake kwa shilingi.) Akiichagua kadi, atakuwa amelipa Sh600,000 zaidi kwa alama 40. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwaka atakuwa ametumia Sh1,800,000 kufikia ngazi ya fedha, ambayo faida yake kubwa kwake ni begi moja la ziada. Begi hilo linaweza kununuliwa. Mteja amwulize wakala bei yake, azidishe mara ngapi atalihitaji, na jibu litapatikana pale pale mezani.

Mashirika ya Marekani yamekwenda mbali zaidi. Delta ilianza kugawa maili kwa kiasi cha fedha badala ya umbali mwaka 2015, United ikafanya hivyo mwaka huo huo na American mwaka 2016. Tangu mwaka 2024 daraja la Delta hupimwa kwa matumizi ya fedha peke yake. Yule abiria wa zamani aliyenunua tiketi ya bei ya chini na kuzunguka dunia akijikusanyia umbali, na wapo Wamarekani waliokuwa wakipanda ndege Jumamosi na kurudi Jumapili bila kuwa na shughuli yoyote huko waendako ila kulinda kadi, mlango wake umefungwa. Anayefaidi sasa ni anayelipa nauli kubwa, na mara nyingi huyo analipiwa na mwajiri.

Stendi ya Makambako

Hata hivyo, kusema kuwa kadi hailipi siyo kusema kuwa tiketi ya bei ya chini ndiyo nafuu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika njia hii upishi huvunjikia barabarani.

Makambako ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya Songea, inayopita Njombe umbali wa kilomita 60 hivi, inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya hadi Zambia, na hapo pia kuna kituo cha reli ya TAZARA. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Basi linahitaji kati ya saa 10 na 12 iwapo hakuna lori lililokwama mlima Kitonga na iwapo hifadhi ya Mikumi inapitika kama kawaida. Treni, kwa mtu mwenye ndege ya kuwahi, haishauriki kabisa.

Tangu Oktoba 2023 Serikali iliruhusu mabasi kusafiri usiku, na hilo limewapunguzia wakazi wa Njombe mzigo. Lakini basi linaishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka hapo hadi jengo la tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kuna foleni ya jiji. Mtu ambaye ndege yake inaondoka saa nne usiku anatakiwa awe kaunta saa moja. Akiondoka Makambako alfajiri ya siku hiyo hiyo, anacheza na bahati. Mwenye busara huondoka siku moja kabla, na hapo nauli yake inaongezeka gharama ya kulala, kula na teksi.

Njia ya pili ni Songwe. Kiwanja hicho, kilichoanza kazi Desemba 2012, kiko Mbeya, takribani kilomita 250 kutoka Njombe mjini kwa kupitia Makambako, na ndege ya kwenda Dar es Salaam hutumia muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa mwili ni nafuu isiyo na mfano. Kasoro yake ni kwamba tiketi ya Songwe mara nyingi hununuliwa peke yake na ile ya ng'ambo peke yake. Katika miaka yake ya mwanzo kiwanja hicho kilipata sifa mbaya ya ndege kuahirishwa au kugeuzwa njiani kwa sababu ya ukungu na ukosefu wa taa. Ukungu ukitanda asubuhi, msafiri akafika Dar es Salaam jioni na kukuta ndege ya ng'ambo imekwisha kuondoka, shirika la pili halimdai mtu wala halidaiwi: machoni pake huyo ni abiria ambaye hakutokea. Tiketi nyingi za bei ya chini hufa hapo hapo, na kipande cha kurudi hufa nacho.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa wakala halipaswi kuwa "bei gani?" Linapaswa kuwa kama vipande vyote viko katika tiketi moja, yenye namba moja ya kumbukumbu. Vikiwa humo, shirika lililochelewesha kipande cha kwanza lina wajibu wa kumpeleka abiria hadi mwisho. Vikiwa katika tiketi mbili, msafiri aache usiku mzima katikati, siyo saa tatu.

Swali la pili ni mzigo. Anayetoka nyanda za juu haendi mikono mitupu, na anayerudi ndiyo kabisa. Mwaka 2018 KLM, Air France na Delta zilianza kuuza katika njia za Atlantiki tiketi nyepesi isiyo na begi la kupakiwa chini. Kwenye skrini ya kompyuta tiketi hiyo huonekana juu kabisa kwa kuwa ni ya bei ya chini. Mtu mwenye mabegi mawili ya kilo 23 akiinunua bila kusoma, atalipia mabegi kaunta na kuishia juu ya bei ya shirika lililokuwa la pili au la tatu katika orodha. Aidha, Sheria za Marekani zinataka kanuni za mzigo za shirika la kwanza lililouza tiketi zitumike katika safari nzima iliyo kwenye tiketi moja, hivyo inafaa mtu ajue shirika hilo la kwanza ni lipi.

La tatu ni vituo. Wengi hushangaa kwa nini baadhi ya ndege za Ethiopian zinazokwenda Marekani zimekuwa zikisimama njiani, ilhali za kurudi zinaruka moja kwa moja hadi Addis Ababa. Sababu ni ya kimaumbile. Uwanja wa Bole uko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mji wa Njombe wenyewe, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa watu na mafuta ya kufika Washington haiwezi kuinuka hapo salama, hivyo hupunguza mafuta na kuongeza mbele ya safari. Abiria hulipa kwa saa zake. Kwa upande mwingine, shirika hilo kwa kawaida humpa hoteli abiria wa kuunganisha ambaye hana ndege ya karibu zaidi na anatakiwa kusubiri saa nyingi Addis Ababa. Jambo hilo liulizwe na liandikwe kabla ya kulipa. Hoteli ya bure kwa mtu asiye na kadi yoyote ina thamani kuliko nusu ya faida zinazoandikwa kwenye vipeperushi vya uanachama.

Nani basi anayefaidi kadi?

Wapo, na baadhi yao wako Makambako. Mji huo ni wa biashara, na miongoni mwa wanaosifika kwa shughuli hiyo ni Wakinga kutoka Makete, ambao maduka yao yameenea hadi Kariakoo. Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou mara nne au tano kwa mwaka kwa shirika moja, Ethiopian kwa mfano, hukusanya alama bila kuongeza hata shilingi, kwa kuwa safari hizo angezifanya tu. Akifika ngazi ya dhahabu ya Star Alliance, anapata kilo 20 au begi moja zaidi ya abiria wengine katika mashirika yote ya muungano, pamoja na mizigo yake kutolewa kwanza na ukumbi wa mapumziko. Siku anapokwenda kumtembelea ndugu yake Chicago au Toronto, kadi iliyolipiwa na China inamfaa Atlantiki.

Kwa mtu kama huyo kuhama shirika kwa sababu ya tofauti ya Sh200,000 kunaweza kuwa hasara. Lakini naye asidanganyike na ngazi ya fedha: katika Star Alliance ngazi hiyo humpa mwenyewe nafasi ya mbele katika orodha ya wanaosubiri kiti, na si mengi zaidi ya hapo. Faida halisi iko dhahabu. Aliye katikati, anayesafiri mara mbili kwa mwaka na kulipa nauli ya juu akitumaini kufika, ndiye anayepoteza kuliko wote.

Kundi jingine ni wale wanaolipiwa. Mfanyakazi wa shirika lisilo la kiserikali, ofisa wa Serikali au mjumbe wa kanisa husafiri kwa tiketi iliyonunuliwa na taasisi, lakini maili na daraja huandikwa kwa jina lake. Hapo ndipo penye kishawishi. Mwenye kadi akiruhusiwa kuchagua tiketi mwenyewe, atachagua inayomwongezea alama, na tofauti ya bei italipwa na sadaka, mfadhili au mlipa kodi.

Jambo hili si la kufikirika. Nchini Ujerumani, Julai 2002, gazeti la Bild lilifichua kuwa wanasiasa kadhaa walikuwa wametumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata Lufthansa katika safari za kikazi. Gregor Gysi, aliyekuwa Seneta wa Uchumi wa Jiji la Berlin, alijiuzulu mwishoni mwa mwezi huo. Cem Özdemir wa chama cha Kijani, mbunge wa Bundestag, naye alijiondoa. Hawakuiba fedha; walitumia maili ambazo shirika la ndege liliwapa. Umma uliona kuwa maili hizo zilikuwa za umma. Taasisi za Njombe zinazopeleka watu ng'ambo zingefanya vyema kuandika kanuni fupi: tiketi inanunuliwa kwa bei halisi iliyo nafuu pamoja na mzigo na malazi, na maili zinazopatikana zinatumika katika safari inayofuata ya taasisi.

Akiba isiyo benki

Wanaokusanya maili kwa miaka wanapaswa pia kukumbuka kuwa akiba hiyo haina dhamana. Shirika la Air Berlin lilipoomba ulinzi wa muflisi Agosti 2017, mpango wake wa topbonus ulisitisha mara moja matumizi ya maili, nao ukaanguka mwezi huo huo. Alitalia ilipoacha kuruka Oktoba 2021, ITA Airways iliyoshika nafasi yake ilianza na mpango mpya kabisa bila kurithi maili za abiria wa zamani. Na hata shirika likibaki hai, njia inaweza kufa: British Airways iliacha safari za Dar es Salaam mwaka 2013, na aliyekuwa amejijengea daraja huko akalazimika kwenda kulitumia Nairobi au kulisahau. Kwa abiria wa Kenya Airways mabadiliko yalikuja kwa sura nyingine, pale shirika lilipoondoka Flying Blue na kuanzisha mpango wake la lenyewe wa Asante Rewards.

Kinachomlinda abiria si kadi, ni sheria, na sheria haiulizi rangi ya kadi. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inamhusu kila abiria anayeondoka katika uwanja wa Umoja huo kwa shirika lolote, na anayeingia humo kwa shirika la Ulaya. Kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam na KLM yumo. Safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ikichelewa kufika kwa saa nne au zaidi kwa kosa lisilotokana na dharura, fidia ni euro 600, hata kama tiketi ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote ndani ya ndege. Anayetoka Dar es Salaam na shirika la Ghuba au la Afrika hayumo katika kipande hicho, na hiyo ni tofauti inayostahili kuwekwa kwenye mizani pamoja na nauli.

Kwa mzigo, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaweka ukomo wa fidia, ambao tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya sarafu ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa kila abiria. Malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Begi likifika Dar es Salaam wakati mwenyewe yuko Makambako, karatasi ya madai ya uwanjani na kile kipande cha namba kilichobandikwa kwenye pasi ya kupandia ndio ushahidi wake.

Lipo suala jingine ambalo limepata uzito mpya. Mwishoni mwa mwaka 2025 Marekani ilikaza masharti ya viza kwa Watanzania, na mtu aliyenunua tiketi isiyobadilishika wala kurudishiwa fedha kabla ya kushika viza mkononi anaweza kuipoteza yote. Katika hali hiyo tiketi inayoruhusu kubadili tarehe kwa ada inayofahamika, hata ikizidi nyingine kwa Sh300,000, ni nafuu kuliko ile ya bei ya chini, na tena ni nafuu kuliko alama 40. Wakala aombwe aonyeshe kanuni za nauli kwa maandishi, siyo kwa mdomo, kwa sababu anayeulizwa baadaye ni shirika na si yeye.

Kujiunga na mpango wa maili hakulipiwi, hivyo hakuna sababu ya kutojiunga hata kwa msafiri wa mara moja. Jina liandikwe kama lilivyo katika hati ya kusafiria, majina yote na kwa mpangilio ule ule, kwa sababu maili hukataliwa kwa herufi moja iliyokosewa. Tiketi ya bei ya chini nayo huweza kutoa sehemu ndogo tu ya maili au kutotoa kabisa, kutegemea herufi ya daraja la nauli iliyochapwa juu yake. Tiketi za msingi za Delta, kwa mfano, hazitoi maili tangu Desemba 2021. Pasi za kupandia ndege zitunzwe hadi maili zionekane kwenye akaunti, zile za kurudi zikiwamo, ambazo wengi huzitupa Mbezi wakisubiri basi la Njombe.